Duka Likikataa Kukurudishia Fedha Zako

Karibu kila mwezi anakuja mtu ofisini kwetu na kitu mkononi: simu isiyowaka, karatasi ya gereji, au picha ya kitanda alichokilipia ambacho hajakiona mpaka leo. Anakaa, anaeleza yaliyomkuta, kisha anamaliza kwa maneno yaleyale: "Basi, mimi mgeni hapa. Nitamfanya nini mwenye duka?"

Makala haya ni jibu kwa mtu huyo. Yanaeleza njia anayoweza kuifuata mtu wa kawaida hapa Oman, awe anakaa Ibra, Sur, Nizwa au vijiji vya karibu, ili kudai haki yake kwa muuzaji au fundi bila kugombana na bila kuwa na wakili.

Maneno hayo nayajua vizuri kwa sababu hata mimi niliyasema. Nimekulia kambini Mtabila, mkoa wa Kigoma, baada ya wazazi wangu kuikimbia Burundi. Kambini tulizoea kunyamaza. Ukipunjwa, unashukuru kwamba umepata kidogo. Nilipofika Oman nilikuja na tabia hiyo. Kiangazi changu cha kwanza Ibra nilinunua kiyoyozi kwa riyali 95, na siku ya tisa kikaacha kutoa baridi. Nilirudi dukani. Yule muuzaji akaniambia kwa upole, "Bukra fundi atakuja." Nikarudi tena, akasema bukra. Nilikwenda mara sita na fundi hakuja. Mwisho nikanunua feni na nikanyamaza.

Miaka miwili baadaye, nikiwa nimeshaanza kazi hii, ndipo nilipoisoma sheria. Siku ile ya tisa nilikuwa na haki kamili ya kurudishiwa riyali zangu 95. Niliipoteza kwa kutojua, na kwa kuziachia siku zipite.

Sheria inasema nini

Oman ina Sheria ya Kuwalinda Watumiaji, iliyotolewa kwa Amri ya Sultani namba 66 ya mwaka 2014. Kanuni zake za utekelezaji zilitolewa mwaka 2017. Chombo kinachoisimamia ni mamlaka ya serikali iliyoanzishwa mwaka 2011, na kwenye kibao utaliona jina lake kwa Kiarabu: Himayat al-Mustahlik. Watu wengi huiita "Himaya" tu. Inazo ofisi mikoani, kwa hiyo huna haja ya kusafiri mpaka Maskati.

Mambo ya kukumbuka katika sheria hiyo ni haya.

Kwanza, ukinunua kitu kikawa na kasoro, au hakifanani na ulivyoelezwa, una siku 15 tangu ulipokipokea kukirudisha na kuchukua fedha zako, au kubadilishiwa, bila kulipa cha ziada. Vitu vinavyoharibika upesi, kama vyakula, havimo katika siku hizo. Unatakiwa uwe na uthibitisho kwamba umenunua pale, na kasoro isiwe imetokana na matumizi yako mabaya.

Pili, sheria haigusi bidhaa peke yake. Kazi ya fundi nayo imo: gereji, fundi wa viyoyozi, seremala, kampuni ya kuhamisha vyombo. Fundi anatakiwa kuidhamini kazi yake kwa muda unaolingana na kazi yenyewe. Akiwa ameiharibu, aifanye upya vizuri au akurudishie ulichomlipa.

Tatu, una haki ya kupewa fatura. Fatura iwe kwa Kiarabu, na lugha nyingine inaweza kuongezwa pembeni. Kuiomba si kumtukana muuzaji. Ni sawa na kuomba chenji yako.

Nne, lile tangazo la ukutani lisemalo kwamba kilichouzwa hakirudishwi haliwezi kufuta haki uliyopewa na sheria. Litazame kisha endelea na madai yako.

Kisa cha mama wa Ibra

Nitawapa kisa kimoja, maana kinaonyesha njia nzima tangu mwanzo mpaka mwisho. Mwenyewe ameniruhusu kukieleza, nami nimebadilisha mambo machache ili asijulikane.

Mama mmoja alifika Ibra na watoto watatu. Nyumba aliyopangiwa na ndugu zake ilikuwa tupu. Akauza bangili zake mbili za dhahabu, akaenda kwa seremala kuagiza vitanda na kabati. Bei walipatana riyali 320. Alitoa arbuni ya riyali 200 taslimu. Mfanyakazi wa pale akaandika "200" nyuma ya kadi ya duka, akatia tarehe na sahihi. Fatura hakumpa, naye hakuiomba.

Wiki tatu zilizoahidiwa zikapita, kisha miezi miwili. Mara mbao hazijafika, mara mashine mbovu, mara fundi yuko likizo kwao. Watoto walikuwa wakilala kwenye mkeka. Alipokuja kwetu hakuja kulalamika. Alikuja kuomba magodoro ya msaada. Nilipomuuliza fedha zake zimekwenda wapi ndipo akatoa ile kadi kwenye mkoba.

Hatua ya kwanza: idai kwa maandishi

Kabla ya kwenda popote, mwambie mwenye duka unachotaka, kwa maandishi. Ujumbe wa WhatsApp unatosha. Uwe mfupi na wa heshima: nimelipa kiasi fulani, siku fulani, kwa ajili ya kitu fulani, sijakipata, au kimeharibika, naomba unirudishie fedha zangu kabla ya tarehe fulani. Usimtukane na usimtishe.

Faida zake ni mbili. Wako watu wanaolipa pale tu wanapoona umeanza kuandika. Na asipolipa, unao ushahidi kwamba ulimpa nafasi.

Jambo linalowakwaza wengi ni hili: unadai kwa nani? Anayepokea fedha dukani mara nyingi ni mfanyakazi tu. Mwenye biashara ni mtu mwingine, pengine anakaa mji mwingine. Mfanyakazi akiondoka, utabaki na namba ya simu isiyopatikana. Kwa hiyo chukua jina la biashara kama lilivyoandikwa kwenye kibao, na namba ya sijili ya biashara, ambayo aghalabu huwa kwenye fatura au kwenye karatasi iliyotundikwa ndani ya duka. Piga picha ya kibao kwa nje. Mama yetu hakuwa na fatura, lakini ile kadi ilikuwa na jina kamili la duka, na hilo lilimsaidia sana.

Hatua ya pili: nenda Himaya

Asipojibu, au akikupa "bukra" ya pili, nenda ofisi ya Himaya ya mkoa wako. Mashariki Kaskazini ipo Ibra, Mashariki Kusini ipo Sur, na Dakhiliya ipo Nizwa. Ofisi za serikali hufanya kazi Jumapili hadi Alhamisi na hufungwa mapema mchana, basi nenda asubuhi. Chukua bataka yako, fatura au karatasi yoyote ya malipo, ujumbe wa simu uliochapishwa, na picha za kitu chenyewe. Kufungua malalamiko hakuna malipo.

Afisa atasikiliza, atamwita mwenye biashara, na atajaribu kuwapatanisha. Malalamiko mengi ninayosindikiza huishia hapo. Mwenye duka anayekuona wewe ni mgeni usiye na mtu hujibu kwa namna nyingine anapopigiwa simu na serikali. Ikishindikana, na ikionekana sheria imevunjwa, Mamlaka inaweza kulipeleka jambo kwa Waendesha Mashtaka.

Katika kisa chetu, mwenye karakana alifika. Alisema mfanyakazi yule ameshaondoka na fedha hazikumfikia. Hata hivyo akakubali kurudisha riyali 200 kwa mafungu manne, riyali 50 kila mwezi. Wakaandikiana na wakatia sahihi. Mwezi wa kwanza alilipa. Mwezi wa pili hakulipa, na wa tatu akaacha kupokea simu.

Mama alirudi kwetu amevunjika moyo. "Si nilikwambia?" Lakini hakujua kwamba ile karatasi ya Himaya, aliyoiona haina maana, ilikuwa na thamani kuliko kadi. Kwa sahihi yake mwenyewe, mwenye karakana alikuwa amekiri deni.

Tahadhari moja kuhusu karatasi za kutia sahihi. Mnapopatana, mwenye duka anaweza kukuomba utie sahihi ya tanazul, yaani kwamba umesamehe na huna madai tena. Usiitie mpaka fedha ziwe mkononi au zimeingia benki. Na usitie sahihi karatasi yoyote ya Kiarabu usiyoielewa. Ipige picha, ituletee, tutakusomea.

Hatua ya tatu: kamati ya suluhu au mahakama

Hapa Oman hakuna mahakama yenye jina la "madai madogo" kama zilizopo nchi nyingine. Jambo la riyali 150 linakwenda Mahakama ya Mwanzo, al-Mahkama al-Ibtidaiya, ambako kesi ndogo husikilizwa na hakimu mmoja. Ibra, Sur na Nizwa zote zina mahakama.

Kabla ya kesi kuna mlango mwingine: kamati za upatanishi na suluhu, zilizowekwa kwa Amri ya Sultani namba 98 ya mwaka 2005. Kamati haitozi ada, na mkipatana mbele yake, hati ya suluhu ina nguvu ya kutekelezwa kama hukumu. Ni njia nzuri iwapo mwenzako yuko tayari kuja. Hailazimishi mtu. Asipofika, utakwenda mahakamani.

Wapo wanaopendelea kupitia kwa sheikh wa mtaa au mzee wa kabila. Hilo ni jema, na ndiyo desturi ya nchi hii. Lakini mkipatana kwa mzee, andikianeni.

Kufungua madai si kugumu kama watu wanavyodhani. Maktaba ya Sanad, zile ofisi za kuchapa karatasi za serikali zilizopo kila mji, zinajua kuandika hati ya madai kwa Kiarabu na kuiingiza kwenye mfumo wa mahakama. Utalipa gharama ya kuandikiwa na ada ya mahakama. Ukishinda, hakimu humwagiza aliyeshindwa kubeba gharama za kesi, kwa hiyo tunza risiti zote. Huhitaji wakili katika Mahakama ya Mwanzo. Ukitaka mtu mwingine akuwakilishe, mwandikie wakala kwa katibu adili.

Hati ya madai iwe na mambo manne tu: nani anadai, anamdai nani, nini kilitokea kwa mpangilio wa tarehe, na anataka nini. Mama yetu alitaka kuandika habari za watoto, za mkeka, za bangili na za maneno aliyoambiwa. Tulimsikiliza yote, kisha tukaandika: nililipa 200, tulikubaliana kunirudishia 200, nimepokea 50, nadai 150 na gharama za kesi. Hakimu anataka kuona hesabu, na machungu yenyewe tulimsikiliza sisi ofisini.

Siku ya kesi

Fika mapema na vaa kwa heshima. Lugha ya mahakama ni Kiarabu. Kama hukijui vizuri, sema tangu mwanzo kwamba unahitaji mkalimani. Kusema "naam, naam" kwa jambo usiloelewa ni hatari, maana naam yako inaandikwa. Karatasi zilizo kwa Kiswahili, Kifaransa au Kiingereza zipelekwe kwanza kwa ofisi ya tafsiri iliyosajiliwa. Ujumbe wa sauti wa simu usiufute. Uandike kwa maneno, na simu yenyewe uje nayo.

Panga karatasi zako kwa tarehe, tengeneza nakala tatu, na ukae na asili zake. Jibu unachoulizwa, kisha nyamaza. Mpinzani wako akisema uongo, usimkatize. Zamu yako itafika.

Mara ya kwanza mwenye karakana hakuja. Kesi ikaahirishwa, na usishangae hilo likikupata. Mara ya pili alikuja na maneno yaleyale, kwamba mfanyakazi ndiye aliyekula fedha. Hakimu akamwonyesha kadi: hii ni kadi ya duka lako? Ndiyo. Siku hiyo mfanyakazi huyu alikuwa kwako? Ndiyo. Na hii sahihi kwenye karatasi ya Himaya ni yako? Ndiyo. Hukumu ilitoka katika kikao kilichofuata: alipe riyali 150 na gharama za kesi.

Ukishindwa, au ukishinda kwa kiasi kidogo kuliko ulivyodai, muulize karani siku hiyohiyo kama hukumu inakatiwa rufaa na ndani ya siku ngapi. Siku hizo zikipita, mlango umefungwa.

Baada ya hukumu

Wengi hudhani hukumu ni fedha. Hukumu ni karatasi. Mdaiwa asipolipa kwa hiari, inabidi ufungue ombi katika idara ya utekelezaji ya mahakama. Hapo ndipo mahakama inaweza kushika akaunti yake au mali yake. Ukikaa nyumbani ukisubiri, hakuna atakayekukumbusha.

Mama alifungua ombi la utekelezaji. Kabla ya mwezi kwisha fedha zililipwa. Tangu arbuni mpaka riyali ya mwisho ilikuwa miezi tisa. Simwambii mtu kwamba njia hii ni ya haraka. Wakati huo wote watoto walilala kwenye magodoro tuliyowapa sisi. Lakini siku aliyonunua vitanda kwa duka jingine, aliniletea fatura nimsomee kabla hajalipa.

Makosa yanayowaponza watu

Kosa la kwanza ni kumtangaza mwenye duka mitandaoni. Ukiwa na hasira unaweza kuandika jina la duka kwenye kundi la WhatsApp na kuwaita wezi, au kutuma sauti ya matusi. Katika nchi hii kumtukana au kumkashifu mtu kwa simu au mtandao ni kosa la jinai. Nimemwona mtu mwenye haki ya riyali 40 akageuka kuwa mshtakiwa. Peleka hasira yako kwenye ofisi ya serikali, si kwenye kundi la familia.

Kosa la pili ni kuzichezea siku. Kila "bukra" unayoikubali inatoka katika siku zako 15. Siku unayogundua kasoro, andika ujumbe siku hiyohiyo.

Kosa la tatu ni kumpa fundi wa pili akifungue kitu kabla malalamiko hayajasikilizwa. Mwenye duka atasema wewe ndiye uliyekiharibu, na hutakuwa na la kumjibu.

Kosa la nne ni kupeleka jambo pasipo pake. Mshahara usiolipwa ni wa Wizara ya Kazi. Ugomvi na mwenye nyumba unategemea mkataba wa kodi uliosajiliwa baladia. Ukimkopesha jirani yako fedha, hilo si jambo la Himaya, ingawa mahakama inaweza kulisikia.

Na la tano ni woga. Nimeulizwa mara nyingi kama kulalamika kutaharibu karatasi za ukaazi. Kufungua malalamiko ya kweli kuhusu kitu ulichonunua ni haki ambayo sheria imempa mtumiaji yeyote, na haikusema awe raia tu. Linaloweza kukudhuru ni uongo, matusi au karatasi ya kughushi.

Kabla hujalipa

Njia iliyo bora kuliko zote hizi ni kutofika mahakamani. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu inahusu kuandikiana deni, na bado sisi tunaona haya kumwomba mtu karatasi.

Basi kabla hujatoa arbuni, pata fatura yenye jina la biashara, kiasi ulichotoa, kiasi kilichobaki, kitu chenyewe na tarehe ya kukabidhiwa. Toa arbuni ndogo kadiri unavyoweza. Lipa kwa benki kwenye akaunti ya biashara, si kwa simu ya mfanyakazi. Ipige picha fatura siku hiyohiyo, kwani wino wa karatasi za mashine hufutika kwenye joto letu kabla dhamana haijaisha.

Kama jambo limeshatokea, usikae nalo. Njoo ofisini na karatasi zote, hata ile unayodhani haina maana. Hatuna uwezo wa kukuhakikishia ushindi, lakini tutakaa nawe, tutazipanga kwa tarehe, tutahesabu siku zilizobaki, na ikibidi tutakusindikiza mpaka mlangoni mwa Himaya.